Buti la kushukia

Wanaokuja kuniuliza buti gani wanunue kwa ajili ya mlima huanza na bei, wakaenda kwenye rangi, wakamalizia na maji: yanaingia au hayaingii? Yote ni maswali ya haki. Lile ambalo mimi ningeanza nalo ni jingine kabisa: mkiwa mnateremka, buti hilo litaufanya nini mguu wako? Kupanda kunachosha mapafu na mapaja, lakini karibu kiatu chochote kilichokaa vizuri mguuni kitakufikisha juu. Kushuka ndiko kunakong'oa kucha. Nimeshuka volkano ya Nyiragongo na watu waliokuwa wamepanda wakicheka na kupiga picha, na kilomita za mwisho wakazitembea kinyumenyume, kwa sababu vidole vyao vilikuwa vimegonga ncha ya kiatu asubuhi nzima na havikutaka tena kutangulia.

Kwa asiyeujua mlima wenyewe: njia huanzia kituo cha walinzi wa hifadhi pale Kibati, kaskazini mwa mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye mita kama 1,900 hivi, na huishia ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano, kwenye mita 3,470. Ni mwendo wa kilomita nane hivi. Wengi waliutembea kwa saa nne hadi sita, wakalala juu kwenye vibanda, na kesho yake wakarudi kwa njia ileile. Miaka hii ya vita njia hiyo imekuwa haiendeki kama zamani, nasi tunatembea panapotembeka, kwenye vilima vya kandokando na kwenye mawe ya mji wetu. Lakini vijana bado wananunua mabuti, bado wanajiandaa, na mimi naandika kama mtu ambaye mlima unamngoja.

Njia hiyo si moja. Mwanzo ni msitu na udongo laini, na mvua ikinyesha, tope. Kisha unatokea kwenye lava ya mwaka 2002, kokoto nyeusi zinazoviringika chini ya mguu kila ukikanyaga. Juu zaidi miti inapungua, mwinuko unakuwa mkali, na mwisho kabisa ni mwamba mtupu na baridi inayokaribia kugandisha maji usiku. Buti moja linatakiwa lishike tope, livumilie kokoto, lisimame kwenye mwamba, kisha liyarudie yote hayo kwa kugeuza, wakati miguu yako imeshachoka.

Hapo kwenye kokoto nitakaa kidogo, maana ndipo mabuti yanapofia. Lava ya Nyiragongo ina kidogo sana ya silika, madini yanayoifanya lava iwe nzito, kwa hiyo ni nyepesi kama uji wa maji na inakimbia. Mlipuko wa tarehe 10 Januari 1977 ulimwaga lava iliyoteremka mlimani kwa mwendo uliokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa, watu hawakupata hata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama mlangoni mwa mji, upande wa Buhene. Lava inapopoa upesi, gesi iliyokuwa ndani yake inaacha mapovu, na kila povu linalovunjika linaacha ukingo mwembamba wenye makali. Okota jiwe moja la volkano popote Goma, lipitishe kwenye kiganja, utaelewa. Tunajengea kuta kwa jiwe hilo, tunalitandaza barabarani, watoto wanalichezea, na viatu vyetu havizeeki kama viatu vya watu wa mji wenye udongo. Huanza kukatika pembeni, pale ngozi inapokutana na soli, kabla soli yenyewe haijaisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolitafuta kwenye buti ni ukanda wa mpira unaozunguka chini, hasa mbele kwenye vidole. Uwe mnene, na uwe umepanda juu ya ngozi walau upana wa vidole viwili. Buti lisilo na ukanda huo linaweza kuwa zuri sana kwa msitu wa Kahuzi-Biega. Kwa lava halifai, hata kama ni jipya na limetoka dukani na boksi lake.

Sasa niseme kuhusu jozi iliyonifundisha kupima mguu, ingawa haikuwa ya mlima wa kwetu hata kidogo. Siku moja balo la mitumba lilifunguliwa Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, na katikati ya raba na viatu vya shule yakatoka mabuti mawili ya plastiki ngumu, rangi ya kijani, yenye vifungo vya chuma mbele na mkono mdogo nyuma ya kisigino unaofunguka na kufungika. Muuzaji aliyageuzageuza. "Yaya, wewe unayejua mambo ya viatu, hizi si za pikipiki?" Nikamwonyesha ncha ya mbele ya soli. Kila upande wa ncha kulikuwa na kitundu kilichozungushiwa chuma, na nyuma kwenye kisigino kulikuwa na nafasi nyingine ya chuma. Ni mabuti ya watu wa Alpi, milima ya Ulaya, wanaopanda kwenye theluji kwa skii, yaani mbao ndefu nyembamba za kutelezea zinazofungwa miguuni, na kushuka nazo. Pini mbili za chuma kwenye skii zinauma vile vitundu vya mbele, kisigino kinabaki huru kunyanyuka, na chini ya skii wanabandika utepe wenye vinyweleo vinavyolala upande mmoja, ili skii iteleze kwenda mbele na isirudi nyuma. Wakifika juu wanaubandua utepe, wanabana kisigino, na wanashuka.

Ule mkono wa nyuma ndio ulionivutia. Ukiwa wazi, shingo ya buti inacheza mbele na nyuma, kifundo cha mguu kinakunjika, mtu anatembea. Ukifungwa, shingo inashikamana na chini, buti linakuwa ganda moja linaloegemea mbele, na mtu anaweza kuiongoza skii kwa goko lake. Waliotengeneza kitu hicho walikubali waziwazi kwamba kupanda na kushuka ni kazi mbili, na kwamba mguu unahitaji vitu tofauti kwa kila moja. Wanaoyanunua hubishana juu ya hilohilo: jepesi la kupandia, lenye uzito wa kilo moja hivi kwa mguu, au gumu na zito zaidi linalotulia wakati wa kushuka. Atakayeshuka miteremko mikali hulipa kwa jasho wakati wa kupanda. Anayetaka kwenda mbali hulipa wakati wa kushuka. Hakuna buti linalokupa yote, na muuzaji mwaminifu hukuambia hivyo kabla hujatoa pesa.

Na wana kipimo ambacho ningependa kila mtu wa Goma akijue. Namba ya buti la skii ni urefu wa mguu kwa sentimita, basi: mguu wa sentimita 27 unavaa 27. Lakini hawaishii kwenye namba. Wanachomoa kile kiatu laini cha ndani, unaingiza mguu kwenye ganda tupu, unausogeza mbele mpaka vidole viguse, halafu wanatazama nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Sentimita moja hadi mbili, ganda ni lako. Zaidi ya hapo mguu utateleza ndani na kushuka itakuwa mateso. Maana yake ni kwamba wanaupima mguu dhidi ya kitu kisichodanganya. Sponji na kitambaa cha ndani hukufariji dukani kwa dakika mbili. Ganda halifariji.

Buti letu la kutembelea halina ganda la kuchomoa, lakini lina soli ya ndani. Ichomoe. Iweke chini, simama juu yake kwa uzito wako wote, kisigino kikae kwenye kishimo chake. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba, pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Pembeni nyama ya mguu isimwagike nje ya soli. Ikimwagika, buti hilo ni jembamba kwako na halitapanuka njiani kwa huruma, hata muuzaji akuapie kwamba ngozi itafunguka. Ngozi hufunguka kidogo juu. Upana wa chini haubadiliki. Na kwenye mitumba soli ya ndani inakupa habari ya ziada: alama za mtu wa kwanza. Ukiona kishimo kirefu upande mmoja wa kisigino, huyo mtu alikuwa akikanyaga kwa upande huo, na buti limeshajifunza mwendo wake. Mimi naliacha, hata likiwa la bei nzuri.

Nenda kununua alasiri, baada ya kutembea. Mguu wa asubuhi ni mdogo kuliko mguu wa jioni, na mguu uliopanda mlima ni mkubwa zaidi. Vaa soksi utakazopandia, za sufu ikiwezekana. Pamba inanyonya jasho, inabaki mbichi, inasugua, na malengelenge yanaanza kabla hujafika kwenye lava. Kisha omba nafasi ya kuteremka. Birere hakuna kilima, lakini kuna ngazi, kuna ukingo wa mtaro, kuna jiwe lililoinama. Simama juu ya kitu kilichoinama, vidole vikitazama chini, funga kamba kama utakavyozifunga mlimani, na upige hatua nzito za kushuka. Vidole vikigusa mbele pale, mlimani vitagonga mara elfu. Kisigino kikinyanyuka ndani ya kiatu ukipanda, hilo mara nyingi linatibika kwa kamba: zikaze kwa fundo mbili pale mguu unapokunjika, ili sehemu ya juu isilegeze ya chini. Vidole kugonga hakutibiki kwa kamba. Tafuta jozi nyingine.

Sasa soli, na hapa naomba msomaji asome polepole, kwa sababu ndilo jambo linalowaumiza watu wetu bila wao kujua. Kati ya ngozi na mpira wa chini, mabuti mengi ya mlimani yana tabaka laini la kupunguza mshindo. Kwa mengi ya hayo tabaka ni la poliyurethani, plastiki laini kama sponji, na poliyurethani inaliwa na unyevu. Hailiwi na kutembea tu. Unyevu wa hewa unaingia ndani yake kidogo kidogo na kuvunja viungo vyake, na baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya mitano na kumi, inakuwa unga. Buti lililokaa kabatini Ulaya miaka yote hiyo, halafu likasafiri ndani ya balo lililobanwa, linaweza kukufikia likiwa na ngozi inayong'aa na soli yenye meno yote, kwa sababu mwenyewe hakulivaa. Ndilo la hatari kuliko yote. Litakupandisha mpaka katikati, kisha mpira wote wa chini utabanduka kwa mkupuo, na utakuwa umesimama kwenye kokoto za volkano na ngozi tupu. Nimeona soli ikifungwa kwa kamba ya begi na mtu akishuka hivyo, hatua kwa hatua, mkono wake begani mwa mpagazi.

Kulijua si kazi ngumu. Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha wa gumba, pembeni, kisigino na mbele. Likiwa zima, linarudi. Likiwa limekufa, ukucha unaacha alama isiyorudi, au linameguka, au linanata kidogo. Likunje buti kwa nguvu uangalie nyufa ndogo pale linapokunjikia. Tazama ndani ya ulimi wa kiatu: mabuti mengi yana lebo iliyoshonwa yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Lililozidi miaka kumi sinunui, liwe zuri namna gani, labda soli yake iwe imeshonwa kwenye ngozi kwa uzi unaoonekana ukizunguka nje. Hilo fundi anaweza kulifungua na kulishona upya. Mafundi wetu wa viatu wana mikono ya ajabu, wanaweza kukushonea soli ya tairi itakayokuzika. Kwa barabara za Goma ni soli bora kabisa. Kwa mizizi iliyolowa na mwamba wenye ukungu, mpira wa tairi unateleza, na nawaomba vijana wasiupeleke juu.

Meno ya chini nayo yana historia yake. Zamani watu wa Alpi walipanda kwa viatu vya ngozi vilivyopigiliwa misumari chini, vizito na baridi, na kwenye mwamba walivua na kuvaa viatu vyepesi vya kitambaa. Mwaka 1935 mpandaji wa Milano, Vitale Bramani, alipoteza wenzake sita mlimani Italia. Dhoruba iliwakuta, na viatu walivyokuwa navyo havikuwafaa kwa baridi ile. Alitafuta soli moja ya kuwatosha kwa kila kitu, akaungwa mkono na kampuni ya matairi ya Pirelli, na mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno makubwa ambayo hadi leo ina jina lake lililofupishwa, Vibram. Waitaliano waliofika mara ya kwanza kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mwaka 1954 walikuwa wamevaa soli hizo. Ukiona kibandiko cha manjano chenye pembe nane chini ya buti la mitumba, hicho ni dalili nzuri, ila bado bonyeza tabaka la juu yake. Mpira huo unaweza kuwa mzima na kilichoushikilia kikawa unga.

Ugumu: shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ulisokote kama unavyokamua nguo. Likisokoteka kirahisi, ni la matembezi ya mjini. Mwishoni mwa lava kila jiwe litakuwa limesukuma unyayo wako. Likikataa kabisa kukunjika, ni la barafu, litakuchosha msituni. Unataka likunjike pale vidole vinapoanzia tu, na likaidi katikati.

Kuhusu maji sina mengi. Utando wa ndani usiopitisha maji unasaidia buti likiwa jipya, unachoka mapema, na likishajaa maji kutoka juu halikauki upesi. Ngozi nene yenye mishono michache inanitosha.

Wanawake huniambia hawapati namba zao. Ni kweli, lundo la mabuti ya mlimani limejaa 43 na 44. Mimi nawapeleka kwenye lundo la watoto. Huko kuna mabuti ya wavulana ya 37 hadi 39, mengine yana ukanda wa mpira na soli nzuri, na kwa sababu mtoto hukua kabla kiatu hakijaisha, mara nyingi ndiyo yaliyochakaa kidogo kuliko yote. Muuzaji naye anayauza kwa bei ya kiatu cha shule.

Wanaotaka milima ya Ruwenzori, kupitia Mutwanga, wasitumie ushauri huu wote. Kule kuna vinamasi, na bote za mpira zinashinda buti lolote la ngozi kwa siku za mwanzo. Barafu ya chini ya kilele cha Margherita, mita 5,109, inataka buti gumu linaloweza kufungiwa meno ya chuma chini yake. Ni safari ya jozi mbili za viatu.

Na kuna wapagazi. Wamebeba mabegi yetu, maji, makaa na godoro, wakapanda njia ileile kwa bote zilizopasuka au raba zisizo na meno, mara nyingine bila soksi. Wengine watasema wamezoea. Nimezifunga nyayo zao, najua wamezoea nini. Wakati wote huo ndani ya kabati za mjini kuna mabuti ya wageni walioondoka na ya vijana waliokua. Mwenye jozi kama hiyo na alibonyeze tabaka la soli leo, na likiwa zima alitoe sasa, maana unyevu haungoji. Likiwa limekufa asimpe mtu. Kumpa mpagazi buti litakalobanduka akiwa na kilo ishirini mgongoni ni kumpa ajali.

Ukishapata lako, livae nyumbani, livae sokoni, lipeleke kwenye mawe ya mtaani kabla ya mlima. Ukirudi limelowa, usiliweke karibu na mbabula, jiko la makaa. Joto hilo linalegeza gundi na kukakamaza ngozi, na kazi yote uliyofanya sokoni inaharibika usiku mmoja. Chomoa soli za ndani, legeza kamba mpaka chini, jaza magazeti, yabadilishe kabla ya kulala, liache penye upepo na kivuli. Likikauka kabisa, sugua tope lililobaki kwenye mishono kwa mswaki wa zamani, kisha paka nta kidogo pale ngozi inapoingia chini ya ule ukanda wa mpira, maana ndipo jiwe la volkano litakapoanza tena.